Usalama wa Damu Hukamilikia Kitandani

Mada ya mazungumzo ya leo ni mafunzo ya wauguzi wa hospitali katika kazi ya kuwaongezea wagonjwa damu kwa usalama. Mada hii huenda ikadhaniwa kuwa ni ya wataalamu peke yao, lakini kwa hakika inamgusa kila mkaazi wa pwani hii ya Tanga, kwa sababu ni nadra kuikuta familia ambayo haijawahi kumpeleka hospitalini mama mzazi, mtoto mwenye malaria kali, kijana aliyepata ajali ya barabarani au ndugu mwenye selimundu, na hatimaye kuambiwa kwamba mgonjwa huyo anahitaji damu.

Maneno "damu salama" yamezoeleka masikioni mwa Watanzania tangu mwaka 2004, ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kwa watu wengi maneno hayo humaanisha damu iliyopimwa ikaonekana haina vijidudu vya maradhi. Maana hiyo ni sahihi, ila ni nusu tu ya maana. Nusu ya pili ni kwamba damu hiyo imfikie mgonjwa yuleyule aliyekusudiwa, kwa kiasi kinachomfaa na kwa mwendo unaomfaa, huku pembeni yake akiwepo mtu anayezijua dalili za hatari na anayejua la kufanya zinapojitokeza. Mtu huyo, wasikilizaji, ni muuguzi.

Mazungumzo haya yatapita katika hatua tatu. Hatua ya kwanza itaeleza kwa ufupi damu ni kitu gani na kwa nini damu ya mtu mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine. Hatua ya pili itaifuata kazi ya muuguzi mwenyewe, tangu anapochukua sampuli hadi mfuko wa damu unapokwisha. Hatua ya tatu itazungumzia mafunzo yanavyopaswa kuwa, pamoja na wajibu wa wagonjwa na jamaa zao. Na katika hatua zote tatu neno litakalorudiwa ni moja: usalama wa damu huanzia kwa mchangiaji, hupitia maabara, lakini hukamilikia kitandani.

Tuanze basi na hatua ya kwanza. Damu ni nini? Damu ni mchanganyiko wa chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini; chembe nyeupe, ambazo hupambana na maradhi; chembe sahani, ambazo husaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa; na plazma, yaani yale maji ya rangi ya manjano ambamo chembe hizo zote huelea. Juu ya chembe nyekundu zipo alama ambazo wataalamu huziita antijeni, na ndani ya plazma zipo kingamwili, yaani askari wa mwili wanaozitambua alama ngeni na kuzishambulia. Mtu wa kundi A ana alama ya A na ana askari wanaoipinga B. Mtu wa kundi B ni kinyume chake. Mtu wa kundi AB ana alama zote mbili na hana askari wa kuzipinga. Na mtu wa kundi O hana alama hata moja, lakini anao askari wanaozipinga A na B zote mbili.

Elimu hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1818 daktari Mwingereza James Blundell, aliyefanya kazi London, alianza majaribio ya kumwongezea mgonjwa damu ya binadamu mwenzake, akisukumwa zaidi na huzuni ya kuwaona wanawake wakifa kwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua; lakini katika miaka iliyofuata baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo walipona na wengine walikufa, wala hapakuwa na aliyejua sababu. Jibu lilipatikana Vienna mwaka 1901, pale mwanasayansi Karl Landsteiner alipoeleza makundi ya damu, kazi ambayo baadaye, mwaka 1930, ilimpatia Tuzo ya Nobel. Siku aliyozaliwa, yaani tarehe 14 Juni, ndiyo ambayo dunia nzima leo huiadhimisha kuwa Siku ya Wachangia Damu.

Sasa basi, hutokea nini mgonjwa wa kundi O anapopewa kwa makosa damu ya kundi A? Askari waliomo katika plazma yake huzivamia chembe hizo ngeni na kuzipasua ndani ya mishipa, na mabaki ya chembe zilizopasuka huziumiza figo, huvuruga uwezo wa damu kuganda na kuliporomosha shinikizo la damu, hata mgonjwa aliyeletwa ili aokolewe akapoteza maisha kwa kitu kilekile kilichotarajiwa kumwokoa. Na wasikilizaji waelewe kwamba madhara hayo hayangoji mfuko uishe. Mililita 10 hadi 50 za damu isiyolingana zaweza kutosha kuleta hatari kubwa, na kiasi hicho hakizidi kile kikombe kidogo cha kahawa kinywewacho barazani jioni.

Je, maabara haizuii jambo hilo? Maabara huzuia mengi, na kazi yake yastahili shukrani. Kabla ya mwaka 2004, hospitali nyingi nchini zilitegemea kukusanya damu zenyewe kutoka kwa ndugu wa mgonjwa, mara nyingi katika saa ya dharura, ambapo nafasi ya kupima kwa utulivu ilikuwa ndogo. Chini ya Mpango wa Taifa, vituo vya kanda, kikiwemo cha Kanda ya Kaskazini kilichopo Moshi, vilipewa kazi ya kukusanya damu kwa wachangiaji wa hiari na kuipima virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya aina B, homa ya ini ya aina C na kaswende. Maabara ya hospitali nayo hupima kundi la mgonjwa na kuilinganisha damu yake na ile ya mfuko, yaani kuzikutanisha kidogo ndani ya kichupa na kuangalia kama zinapatana. Lakini kipo kitu kimoja ambacho mashine ya maabara haiwezi kukiona, nacho ni uso wa mgonjwa aliyelala wodini. Damu safi kabisa, iliyopimwa na kuthibitishwa, yaweza kumuua mtu ikiwa ilikusudiwa kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Uzoefu wa nchi nyingine unathibitisha hilo. Nchini Uingereza, ambako tangu mwaka 1996 upo utaratibu wa kitaifa wa kukusanya taarifa za madhara yote yanayotokana na kuongezewa damu, imeonekana mwaka hata mwaka kwamba sehemu kubwa ya taarifa hizo hutokana na makosa ya kibinadamu: jina lililoandikwa vibaya, mfuko uliochukuliwa bila kusomwa, mgonjwa ambaye hakuulizwa. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye vifaa vingi na wahudumu wengi, basi ni dhahiri kwamba hapa kwetu, ambapo muuguzi mmoja wa zamu ya usiku huangalia wagonjwa wengi, mafunzo ndiyo ngao ya kwanza. Usalama wa damu hukamilikia kitandani.

Hapo ndipo inapoingia hatua ya pili, nayo ni kazi ya muuguzi mwenyewe. Kazi hiyo inaweza kugawanywa katika vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni kuchukua sampuli, yaani ile damu kidogo itolewayo kwa mgonjwa ili ikapimwe kundi. Watu wengi hudhani kwamba hatari huanza mfuko unapotundikwa, kumbe mara nyingine huanza saa kadhaa kabla. Fikirini wodi yenye wagonjwa wawili wanaohitaji damu usiku mmoja. Muuguzi akichukua sampuli ya wa kwanza, akaitia mfukoni bila kuiandika, akachukua na ya wa pili, kisha akaenda mezani kuandika majina kwa pamoja, vichupa viwili vinavyofanana kama mapacha vinaweza kubadilishana majina, na tangu hapo kila atakayefuata, hata akifanya kazi yake kwa uaminifu wote, atakuwa anajenga juu ya msingi uliokosewa. Kwa hiyo kanuni inayofundishwa ni moja na haina ubaguzi: kichupa huandikwa palepale kitandani, mara tu baada ya damu kuingia, kabla ya kumgeukia mgonjwa mwingine, na wala hakiandikwi kabla.

Kituo cha pili ni kuibeba na kuitunza damu. Damu nzima na chembe nyekundu huhifadhiwa katika jokofu maalumu la benki ya damu lenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 6 za Selsiasi, kwa sababu katika joto vijidudu vichache vilivyopenya huzaliana kwa kasi, na katika baridi ya kugandisha chembe nyekundu hupasuka. Joto la Tanga linajulikana na kila mtu; mfuko ulioachwa juu ya meza ya wodi mchana wa Februari haukai na ubaridi wake kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo damu hutolewa katika jokofu pale tu mgonjwa anapokuwa tayari, na mshipa wake umekwisha kupatikana, ianze kutumika ndani ya dakika 30, na mfuko mzima umalizike ndani ya saa 4. Mfuko haupashwi moto ndani ya maji ya chai, hauwekwi juani, haubanwi kwapani ili "uchangamke", wala hauingizwi katika friji ya kawaida pamoja na vyakula au chanjo.

Kituo cha tatu ni uhakiki wa mwisho, nao ndio moyo wa mazungumzo ya leo. Kabla ya damu kufunguliwa, wahudumu wawili husimama kitandani kwa mgonjwa, kila mmoja akisoma kwa macho yake mwenyewe, wakalinganisha jina la mgonjwa, namba ya faili lake, kundi la damu, namba ya mfuko na tarehe ya mwisho wa matumizi, kama vilivyoandikwa kwenye faili, kwenye karatasi ya maabara na kwenye mfuko wenyewe. Huutazama pia mfuko, maana damu iliyobadilika rangi, yenye mabonge au inayovuja haitumiki.

Lakini jina lathibitishwaje? Hapa pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa majina hurithiwa kutoka kwa mabibi na mababu, na si ajabu wodi moja kuwa na akina Fatuma Hamisi wawili au akina Juma Salimu wawili kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, adabu ya kwetu humfunza mtu kuitika anapoitwa. Muuguzi akisimama mlangoni na kuita, "Fatuma Hamisi?", mama aliyelala nusu usingizi, mwenye homa, aliyelelewa kuitika kila sauti ya mkubwa, atajibu "abee", hata kama aliyeitwa si yeye, na mzee wa wodi ya wanaume atasema "naam" kwa sababu hiyohiyo. "Abee" ni heshima, haithibitishi jina. Kwa hiyo muuguzi aliyefunzwa vizuri hamtajii mgonjwa jina lake, bali humwuliza kwa upole, "Mama, jina lako kamili ni nani? Baba yako anaitwa nani? Na babu?" kisha hunyamaza na kusikiliza, huku macho yake yakiwa kwenye karatasi. Mgonjwa akiwa hajitambui, au akiwa mtoto mchanga, huulizwa jamaa aliye naye na huangaliwa utepe wa mkononi wenye jina na namba ya faili. Tofauti kati ya swali "Wewe ni Fatuma?" na swali "Unaitwa nani?" ni ndogo mdomoni, lakini imebeba uhai wa mtu.

Kituo cha nne ni robo saa ya kwanza. Damu huanzishwa polepole, na muuguzi hubaki pale kwa dakika 15 za mwanzo, kwa sababu madhara makali zaidi hujitokeza katika muda huo. Joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu huwa vimepimwa kabla. Hupimwa tena baada ya dakika hizo 15, kisha angalau kila saa moja, na tena mfuko unapokwisha. Muuguzi huyaangalia matone yanavyodondoka katika kichujio cha seti ya damu, yaani mpira unaoipitisha, huushika mkono wa mgonjwa, humtazama usoni na kumwuliza anavyojisikia. Je, anahisi baridi au anatetemeka? Je, kiuno kinamuuma, kifua kimembana, mshipa unamwaka moto? Je, ngozi imetoka vipele na inawasha? Je, ameingiwa na hofu kubwa asiyoweza kuieleza? Kwa mtoto asiyeweza kusema, kilio kilichobadilika, kutotulia na kupumua kwa haraka ndiyo maneno yake.

Dalili hizo zinapotokea, kitendo cha kwanza ni kimoja: kuifunga damu. Haingojwi ruhusa, haingojwi daktari afike, haingojwi kuona kama hali itapita yenyewe. Baada ya kuifunga, seti hubadilishwa na mshipa huachwa wazi kwa maji ya chumvi, daktari huitwa, majina na namba huhakikiwa upya, na mfuko pamoja na seti yake hurudishwa maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo wa mgonjwa. Mfuko huo usitupwe, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo ushahidi. Na ifahamike pia kwamba katika mpira unaopitisha damu hakuna kinachochanganywa ila maji ya chumvi ya kawaida. Dripu ya sukari huzipasua chembe nyekundu, na dripu yenye kalisi yaweza kuigandisha damu njiani.

Wasikilizaji wapenzi, kabla ya kuiacha hatua hii ya pili, inafaa kusema neno juu ya watoto, kwa kuwa mkoa wa Tanga, hasa tambarare za Muheza na Korogwe, una historia ndefu ya malaria, na malaria kali huzimaliza chembe nyekundu za mtoto kwa kasi ya kutisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mtoto aongezewe damu pale wingi wa hemoglobini, yaani kile kibeba oksijeni kilichomo katika chembe nyekundu, unaposhuka chini ya gramu 4 kwa desilita, au ukiwa kati ya gramu 4 na 6 huku akiwa na dalili za hatari kama vile kupumua kwa shida. Kiasi hutegemea uzito. Mtoto wa kilo 10, kwa kipimo cha mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, hupewa mililita 200, ambazo ni chini ya nusu ya mfuko wa mililita 450. Na zikipitishwa kwa saa 4 katika seti inayotoa matone 20 kwa mililita moja, hupatikana takriban matone 17 kwa dakika. Muuguzi asiyempima mtoto uzito, au asiyeyahesabu matone kwa saa yake ya mkononi, anaweza kuuzidisha mzigo wa moyo mdogo hadi mapafu yakajaa maji.

Hatari ya kuzidisha kinachoingia mshipani, kiwe maji au damu, imechunguzwa karibu kabisa na hapa. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda zilizoshiriki katika utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la FEAST, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Utafiti huo ulionesha kwamba watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, walipopewa maji mengi ya dripu kwa haraka, walikufa kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa kwa namna hiyo, na matokeo hayo yaliwashangaza madaktari duniani kote. Utafiti mwingine, TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba kiasi kikubwa zaidi cha damu kiliwafaa watoto wasio na homa, lakini hakikuwafaa wale waliokuwa na homa. Fundisho la tafiti zote mbili ni kwamba kila kinachoingia mshipani ni dawa, na dawa hupimwa. Kumbe hata kipimajoto, chombo kidogo kilichomo katika mfuko wa koti la muuguzi, kina neno la kusema katika kuamua kiasi cha damu.

Sasa ifuatie hatua ya tatu: mafunzo yenyewe yaweje?

La kwanza, yafanyike kwa mikono. Muuguzi hawezi kujifunza uhakiki wa damu kwa kukaa ukumbini akitazama maandishi ukutani, kama vile mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga asivyoweza kujifunza bahari akiwa nchi kavu. Yafaa afanye mazoezi wodini, akiwa na mfuko wa mfano wenye maji ya rangi, faili la mfano na mwenzake aliyelala kitandani akijifanya mgonjwa, na mkufunzi aingize makosa kwa makusudi: herufi moja iliyobadilika katika jina, namba mbili zilizopishana, tarehe iliyokwisha pita. Anayeligundua kosa hilo mara tatu mfululizo amejifunza. Asiyeligundua hajashindwa, bali ameonesha mahali ambapo mafunzo yanahitajika.

La pili, yarudiwe. Wauguzi huhamishwa wodi, wapya huajiriwa, na mazoea huingiza usahaulifu hata kwa aliye hodari. Kwa hiyo somo la siku moja kwa miaka mitano halitoshi; bora nusu saa kila baada ya miezi michache, wakati wa kupokezana zamu, kuliko semina ndefu isiyo na marudio. Vyuo vya uuguzi vinaweka msingi, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo lenye dhamana ya usajili na leseni, lakini hospitali yenyewe ndiyo shule ya kila siku.

La tatu, yawaunganishe wote waliomo katika safari ya damu. Mtaalamu wa maabara, mhudumu anayebeba kisanduku cha baridi, daktari anayeandika ombi la damu na muuguzi wa zamu wakifundishwa pamoja, kila mmoja huona kosa lake linapoangukia. Daktari hujifunza pia kwamba damu haiandikwi ovyo, kwa kuwa mgonjwa anayeweza kupona kwa vidonge vya madini ya chuma hapaswi kutwishwa hatari ambayo haikuwa ya lazima.

La nne, yamfundishe muuguzi kusema, na yamfundishe mkuu wake kusikiliza. Muuguzi kijana anayeona majina hayalingani, huku daktari mkubwa akimhimiza aharakishe, anahitaji ujasiri wa kusema, "Daktari, samahani, namba hizi hazifanani, damu hii siifungui." Ujasiri huo haumei mahali ambapo anayetoa taarifa ya kosa hufokewa au kuadhibiwa. Taarifa ya kosa lililogunduliwa kabla ya madhara ni hazina, kwa kuwa humlinda mgonjwa wa kesho.

La tano, yaende sambamba na vitendea kazi. Haifai kumfundisha muuguzi kukaa dakika 15 na mgonjwa ikiwa yuko peke yake na wodi nzima, wala kumwagiza apime shinikizo la damu ikiwa kipimo ni kimoja kwa jengo zima. Pale ambapo hali si ya dharura, damu ianzishwe mchana, wakati wahudumu ni wengi na mwanga unatosha. Mafunzo pasipo watu na vifaa humwachia muuguzi lawama bila kumpa uwezo.

Na je, wewe msikilizaji, uliye nyumbani au uliye kando ya kitanda cha mgonjwa wako katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, una sehemu gani? Unayo, na ni kubwa. Ukiulizwa jina kwa mara ya nne, usiudhike ukadhani muuguzi ni msahaulifu. Jibu majina matatu kamili, kwa kuwa swali hilo ni ulinzi wako. Mweleze muuguzi kama mgonjwa aliwahi kuongezewa damu na ikamletea shida. Usiuguse mwendo wa matone, usiupashe mfuko moto, na umwonapo mgonjwa akitetemeka au akihema, ita msaada mara moja.

Wapo pia wanaosema damu ni nzito kuliko maji, na kwa hiyo kudhani kwamba damu ya ndugu lazima imfae ndugu. Katika upendo msemo huo ni kweli, lakini katika maabara si lazima iwe hivyo: watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na makundi tofauti, na damu ya mtu usiyemjua, aliyechangia kwa hiari wiki mbili zilizopita na ikapimwa kwa utulivu, yaweza kumfaa mgonjwa wako zaidi. Ndiyo maana mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaombwa kuchangia kabla ya dharura, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Na damu hiyo haiuzwi. Atakayekuomba fedha ili akupe damu anavunja utaratibu, na yafaa aripotiwe kwa uongozi wa hospitali.

Wasikilizaji wapenzi, muda umekwisha, na yaliyosemwa yarudiwe kwa ufupi. Damu hupimwa maabara, lakini humfikia mgonjwa kwa mkono wa muuguzi. Sampuli iandikwe kitandani. Damu isikae nje ya ubaridi wake. Wahudumu wawili wahakiki, kila mmoja kwa macho yake. Robo saa ya kwanza mgonjwa asiachwe peke yake, na dalili ya hatari ikitokea, damu ifungwe kwanza na maswali yafuate.

Viongozi wa hospitali wanaombwa wayafanye mafunzo haya kuwa ya kudumu na wawape wauguzi nafasi ya kuyatekeleza. Wauguzi, mnaokesha wakati wengine wamelala, mnaombwa jambo moja ambalo halihitaji bajeti wala mashine: kabla damu haijafunguliwa, jina litajwe na mwenyewe.